Namna ya kuomba fadhila, kuitenda na kuilipa bila kuvunja udugu

Kazi yangu ni cherehani. Baraza langu liko Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, na mtu anayeshinda barazani na mashine mbele yake huombwa kila kitu: uzi, kiti, chaji ya simu, kumtazamia mtoto, kuwekewa mzigo, kusomewa barua, kudhaminiwa mkopo. Nami huomba vilevile. Nimeshuhudia udugu mwingi ukivunjika hapa mtaani, na mara chache sana umevunjika kwa sababu mtu alinyimwa. Umevunjika kwa namna jambo lilivyoombwa, au kwa maneno yaliyosemwa baada ya kutendewa. Haya nayaandikia hasa vijana walioanza kujitegemea, ambao hakuna aliyekaa nao akawaeleza.

Taja unachokitaka

Sisi husema "naomba" kwa kila jambo. Naomba maji, naomba njia, naomba elfu ishirini. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye matata. Aliyeomba moyoni mwake kapewa. Aliyetoa moyoni mwake kakopesha. Wiki ya tatu mmoja ana kinyongo, mwenzake anashangaa mbona salamu zimekuwa fupi.

Kwa hiyo pambanua tangu mwanzo. Kama kitarudi kilekile, unaazima: mbuzi ya kukunia nazi, ngazi, sufuria kubwa za shughuli, kanzu ya kwendea harusini. Kama utarudisha mfano wake, unakopa, na mkopo una siku. Kama hutarudisha, sema wazi kwamba unaomba kusaidiwa. Inatia haya kidogo kulitamka hilo la tatu, lakini haya ya dakika moja inavumilika kuliko kukwepana njiani mwaka mzima.

Ombi zuri linakaa hivi: "Dada, naomba unikopeshe elfu thelathini. Jumamosi nalipwa fedha za sare za shule, jioni yake nitakurushia kwa simu. Kama kwa sasa hali hairuhusu niambie tu, nitajaribu kwingine." Kiasi kimetajwa. Siku imetajwa, na fedha za kulipia zitatoka wapi pia imetajwa. Halafu kuna lile la mwisho, ambalo wengi huliacha wakidhani linawapunguzia nafasi. Mimi nalishikilia sana. Mtu aliyeachiwa njia ya kukataa akikubali, amekubali kwa moyo wake. Aliyebanwa atatoa, kisha atakusema.

Usitume "Mambo" au "Upo?" kisha ukanyamaza ukingoja ujibiwe ndipo umwage shida. Watu wameshaizoea njia hiyo na wengi hawajibu tena, hata siku unayotaka kuwapa habari njema. Salimia, uliza hali ya nyumbani, andika ombi lako lote kwenye ujumbe huohuo. Na usiombe kwenye kundi la familia jambo linalomhusu mtu mmoja, wala usimwombe mtu mbele ya wageni wake. Hapo umemwachia kuchagua kati ya kukupa na kuaibika, na hilo haliwi ombi.

Ana kwa ana, adabu zetu zinataka hodi, shikamoo kwa mkubwa, habari za wagonjwa na watoto. Yafanye kwa ukamilifu. Ila usikae saa nzima ukapewa chai, ukaaga, ndipo ukiwa unavaa viatu useme "ee, mjomba, halafu kuna kijambo kidogo." Mjomba ataona ziara yote ilikuwa ya hicho kijambo. Kunywa funda mbili, sema lililokuleta, kisha endeleeni na mazungumzo. Akikataa mtakuwa bado mna muda wa kuzungumza mengine, na huo muda ndio unaouokoa ujamaa wenu.

Jambo kubwa lisiende kwa mdomo wako. Wazee wa pwani hawakuwa wajinga walipoweka mshenga. Tunamtumia kwenye posa, lakini anafaa pia ukitaka kuomba uhifadhiwe mtoto mwaka mzima kwa ndugu aliye karibu na shule, au uombe kiwanja cha familia ujenge. Mshenga akikataliwa, wewe na uliyemwomba hamjatazamana machoni. Mnaweza kukutana kwenye msiba wiki inayofuata mkasalimiana kama kawaida. Mchague mtu mzima ambaye pande zote mbili zinamheshimu, mweleze kila kitu, na usimfiche hata deni la zamani.

Vitu vidogo vya jirani havihitaji utaratibu huu. Kiberiti, ndimu, kitunguu, vijiko vya wageni: tuma mtoto. Isipokuwa chumvi na sindano usiku. Wengi wa rika la mama yangu hawatoi wala hawauzi vitu hivyo jua likishazama, na mimi fundi mwenye sindano mia nikiombwa usiku na jirani mtu mzima huwa najua hali ni ngumu kweli. Ukiamini usiamini, mheshimu mwenye nyumba, ngoja asubuhi.

Anayesafiri

Hapa vijana wanakosea sana. Mtu akisema anakwenda Dar, au ndugu akisema anakuja kutoka Muscat, simu inajaa maagizo. Ukimwagiza msafiri kitu, tuma fedha pamoja na agizo. Usiseme "nunua, utanikuta." Mtajie duka liko wapi, taja saizi na rangi, tuma picha. Kama ni mzigo wa kubeba, sema una kilo ngapi kabla hajafunga begi lake, maana kwenye ndege kila kilo ni mali yake, alikuwa na watoto wa kuwapelekea zawadi. Wewe ndiye uende stendi au nyumbani kwake kuuchukua, siku ileile. Asikuletee.

Na ukiwa msafiri, kubali tu mzigo uliouona ndani. Ufungue mbele ya mwenyewe, mkaufunge pamoja. Sema bila kuona aibu: "Nisamehe, ndivyo nifanyavyo kwa kila mtu, hata kwa mama." Uwanja wa ndege ukiulizwa nani kafunga begi hili, jibu liwe moja. Watu wamefungwa miaka katika nchi za watu kwa kifurushi cha "dawa za bibi" walichopewa na mtu waliyemwamini. Anayechukizwa na kufunguliwa mzigo wake, mrudishie.

Kumdhamini mtu

Sipendi watu waiite hii fadhila ndogo. Mtu anakuja anacheka, "weka saini tu hapa."

Nipo kwenye kikundi cha VICOBA, yaani cha kuweka na kukopeshana. Tunakutana kila wiki, tunanunua hisa, fedha zinakaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Anayekopa lazima awe na wadhamini miongoni mwetu, na akishindwa kulipa, katiba yetu inasema hisa za wadhamini zinakatwa. Kwa hiyo nikikuwekea saini nimekupa hisa zangu, ila hazijatoka bado. Ukiombwa udhamini jiulize swali moja: nikilipa mimi hili deni lote, nyumbani kwangu tutakula? Kama jibu ni hapana, usiweke saini, hata awe pacha wako.

Dhamana ya polisi au mahakamani ina taratibu zake. Utahitaji kitambulisho, na mara nyingi barua ya serikali ya mtaa. Dhamana yenyewe haiuzwi, usitoe fedha ya mtu kutolewa kituoni. Lakini karatasi unayoitia saini inataja kiasi, na mtuhumiwa akitoroka, kiasi hicho unaweza kudaiwa wewe. Mtoto wa dada yako mwenye kazi na nyumba inayojulikana, nenda. Rafiki wa rafiki aliyefika mjini mwezi jana, mtafutie ndugu zake.

Kazi ya mtu isiombwe kama maji

Nisemee mafundi, wapishi, wapiga picha, wenye bodaboda, wasusi. Watu wetu wa karibu ndio wateja wagumu. Inakaribia Idi, foleni imejaa, anakuja shoga yangu na kitambaa: "Nifanyie fadhila, nishonee dera kesho kutwa, si wewe ni wangu?" Ukiwa muombaji, uliza bei kwanza kama mteja mwingine yeyote. Akikupunguzia, ni yeye aliyetaka. Na ombi la kuharakishwa ni ombi la pili, mbali na la bei. Usiyaombe yote mawili kwa pamoja.

Ukiwa fundi, taja bei kamili kabla ya kupunguza. "Mshono huu ni elfu ishirini na tano. Kwako nitachukua kumi na tano." Ukisema kumi na tano peke yake, yeye atakwenda kuwaambia watu hiyo ndiyo bei yako, na hatajua kwamba umempa elfu kumi. Ukiamua kushona bure, kama ninavyofanya kwa sare za watoto yatima wa mtaa huu, shona kwa ubora uleule, na pindo uliache refu kama la mteja anayelipa. Nguo ya msaada iliyoshonwa ovyo mtoto anaivaa mwaka mzima, na kila mtu darasani anaijua.

Ofisini

Barua ya utambulisho, cheti cha kuzaliwa, kitanda hospitalini, nafasi ya shule: hizi ni huduma, na una haki nazo. Usiende kwa sauti ya kuomba fadhila. Uliza nani anashughulikia, nyaraka gani zinatakiwa, ada halali ni kiasi gani na risiti inatolewa wapi. Salimia vizuri, subiri zamu. Ukiambiwa "sasa mama, tunasaidianaje?" au "ya soda je?", hapo hukuombwa hisani. Mjibu kwa utulivu kwamba uko tayari kulipa chochote chenye risiti. Sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inamgusa anayepokea na anayetoa, na inaitaja pia rushwa ya ngono, jambo ambalo wasichana wanaotafuta kazi au matokeo ya chuo walijue kwa moyo: mwenye mamlaka akikutaka mwili ili akupe kilicho haki yako, ametenda kosa la jinai. TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, wanapokea simu kwa namba 113, na kupiga ni bure.

Vimemo navyo vinanisumbua. Mtu anaandika karatasi, "mleta barua ni kijana wangu, msaidie." Kumweleza mwenye kazi kwamba unamfahamu kijana, ni mchapakazi, hajawahi kuiba, huo ni ushahidi na ni jambo jema, andika jina lako na simu yako chini. Kumtaka amruke kijana mwingine aliyefaulu usaili, hapo unamfanyia wako hisani kwa mali ya mtoto wa mtu usiyemjua.

Hata taifa zima liliwahi kubishana mpaka kati ya ukarimu na rushwa uko wapi. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi Tanzania ilirekebishwa ikaruhusu takrima, kwa hoja kwamba kumkirimu mgeni ni mila yetu na mgombea akiwalisha watu kwa nia njema hajahonga. Mashirika ya haki za binadamu yalikwenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Mimi naona mahakama ilisema kile ambacho bibi yeyote wa pwani anakijua: pilau ya mgeni hailipwi kwa kura. Ukarimu ni wa anayekuja kwako. Ukikusanya watu ukawapa khanga kwa sababu unataka kitu kwao keshokutwa, umenunua.

Ukishindwa, kataa mapema

Usimwambie mtu "tutaona." Usimwambie "Inshallah" hali moyoni umeshaamua hapana; hilo ni jina la kheri, tusilitumie kufichia. Na usimpige kalenda, njoo Jumatatu, njoo Alhamisi. Mwenye shida anapanga siku zake juu ya neno lako, ana nauli anayopoteza, na pengine kuna mtu wa pili ambaye angemwomba kama ungemwambia ukweli siku ya kwanza.

Sema "siwezi" kabla jua halijazama. Kama una cha kumpa badala yake, kipe kwa jina lake: "Thelathini sina. Nina elfu tano, hii ni yako, usirudishe." Nimeona hii inaokoa mambo kuliko maelezo marefu. Maelezo marefu yana hatari yake, maana ukisema huwezi kumwazima pikipiki kwa sababu haina mafuta, atakuja na mafuta.

Anayerudi mara ya tatu bila kurudisha ya kwanza, mkumbushe ya kwanza kwa upole. Hakuna ubaya. Huo si ubahili.

Masimango

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kuna watu wakarimu kweli, wanatoa, wanakwenda usiku hospitalini, wanalea watoto wa wenzao, na bado hakuna anayewapenda. Sababu ni ulimi. Wanasimanga. "Bila mimi ungekuwa wapi?" "Hicho kitanda unacholalia nani kakununulia?" Wanasema mbele ya mkwe, wanasema kwenye ugomvi wa jambo jingine kabisa. Pwani tunaliita pia kusimbulia, na Waislamu tunaonywa wazi kwamba sadaka huharibika kwa masimbulizi na udhia. Wakristo nao wanafundishwa mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kulia. Dini mbili, kidonda kimoja.

Mtoto aliyelelewa kwa masimango utamjua. Anakula haraka, haombi kuongezewa. Akiwa mkubwa hawezi kupokea zawadi bila kuuliza inatakiwa nini. Huwezi kumfuta hayo kwa kumlipia ada.

Basi jizoeze haya. Toa bila shahidi asiyehitajika. Kiatu cha mtoto wa jirani mpe mama yake, jioni, kwenye mfuko usioonyesha, naye ndiye amvishe. Mtoto ashukuru mama yake. Usimpige picha mtu unayempa unga, wala usiiweke kwenye stetasi; yule mama ana mashoga, ana wakwe, wote wana simu. Ukimtafutia mtu kazi, usiende kila mwezi kumuuliza mshahara wake. Na siku mtakayogombana, maana mtagombana, gombaneni kwa lililowagombanisha. Ukihisi neno "nilikufanyia" linakuja mdomoni, nenda nje, kafue, kamwagilie miti, rudi ukiwa umelimeza.

Ukiona huwezi kutenda jambo bila kulikumbusha, ukopeshe au ukodishe, si dhambi. Andikianeni.

Kulipa

Mikopo na vitu vya kuazima ni rahisi: vinarudi kwa siku, visafi. Sufuria irudi imesuguliwa. Kwetu bakuli au sahani ya jirani hairudi tupu; Ramadhani utaona vijana wanapishana njiani na sahani zilizofunikwa kawa, viazi vya nazi vinakwenda, tambi zinarudi. Huhitaji kuandaa cha maana. Ndizi tatu, maembe, kipande cha mkate wa mofa, vinatosha.

Michango ya harusi ina daftari. Mimi ninalo, limeandikwa nani kanichangia kwa binti yangu na kiasi gani, na kadi yake ikija nafungua nikatazama. Sitoi chini ya alichonipa kama ninacho, na nikikosa nampigia kabla ya siku ya kikao. Wengine wanaona hili ni biashara. Hapana. Harusi huja kwa kila nyumba kwa zamu yake, na daftari linamkumbusha mwenye kumbukumbu mbovu kama mimi kwamba zamu ya fulani imefika. Rambirambi nayo huandikwa msibani, lakini sijawahi kuitazama kulinganisha. Msiba unatoa unachoweza.

Fadhila isiyo na bei ndiyo inayowashinda wengi. Mtu amekaa na mama yako katika hospitali ya Bombo siku mbili. Kesho yake unamtumia elfu hamsini kwa simu. Usifanye hivyo. Umemgeuza mlinzi wa kulipwa, naye atanyamaza tu. Nenda kwake. Mshukuru mbele ya watoto wake, waambie alichofanya. Peleka kitu cha mkono wako, mimi huwa nashona foronya, wewe unaweza kupika au kumpigia rangi kibaraza. Halafu tega sikio. Siku yake ya shida itafika, nawe uwe wa kwanza, bila kungoja kuitwa.

Na rudisha habari. Hili halina gharama na karibu kila mtu hulisahau. Aliyekuelekeza kwa daktari anataka kujua ulipona. Aliyekuandikia barua ya kazi anataka kujua ulianza lini. Wateja wangu wanaorudi kunionyesha picha ya arusi wakiwa wamevaa nguo niliyowashonea usiku, nawafanyia lolote tena.

Na ikiwa aliyekutendea amefariki: kwenye mazishi yetu wenye msiba hutangaza kwamba anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, awaone ndugu. Kama ulimkopa, usisubiri wakuulize, nenda ndani ya siku za matanga ukamwone mkubwa wa familia faragha, umtajie kiasi na siku utakayolipa, kwa sababu ile ni mali ya warithi sasa na wanaweza kuihitaji kwa madeni yake mwenyewe. Kama ulitendewa wema tu, waambie watoto wake ulikuwa wema gani na lini. Wengi wao watakuwa hawajui.